Kuamsha kinga ya nyanya kupitia mizizi: mwongozo kamili wa kutumia bakteria wa udongo tangu kitaluni

Ukipita mashamba ya nyanya ya Ilula mkoani Iringa, au ya Mwea kule Kirinyaga, wakati wa mvua utakuta bomba la mgongoni halipumziki. Doa likionekana, dawa inapigwa. Mazoea hayo ndiyo yanayofanya bakteria rafiki waonekane hawana kazi. Mkulima ananunua pakiti ya Bacillus, mmoja wa bakteria hao, anaiweka stoo, na majani yakianza kuungua ndipo anaikoroga na kuipuliza. Wiki ikipita bila nafuu, anaapa kwamba aliuziwa unga mtupu.

Wako bakteria wanaoweza kupambana na kuvu ana kwa ana juu ya jani, na hilo lina nafasi yake. Faida ninayoieleza hapa ni nyingine na kwangu ndiyo kubwa zaidi: bakteria anakaa kwenye mzizi, naye mmea mzima, hadi jani la juu kabisa, unajiandaa kujitetea. Maandalizi hayo huchukua siku kadhaa. Kwa hiyo wakati wake ni kitaluni, kabla ya doa la kwanza, na karibu kila hatua iliyomo humu inatokana na jambo hilo.

Kinachotokea chini ya ardhi

Mwaka 1991 makundi matatu ya watafiti, kila moja kivyake, yalionyesha jambo lile lile. Uholanzi, van Peer na wenzake waliweka bakteria wa jenasi ya Pseudomonas, aina iitwayo WCS417, kwenye mizizi ya maua ya karanesheni, kisha wakadunga kuvu wa mnyauko wa fusari ndani ya shina. Marekani, Wei, Kloepper na Tuzun walipaka mbegu za matango bakteria, halafu wakaweka kuvu wa madoa juu ya majani. Uswidi, Alström alitumia maharage na ugonjwa wa majani. Kote huko rafiki na adui hawakukutana, mmoja akiwa mzizini na mwingine shinani au kwenye jani, na bado ugonjwa ulipungua. Kilichosafiri kati yao ni taarifa, na aliyeibeba ni mmea wenyewe.

Mwaka 1998 kundi la Corné Pieterse wa Utrecht lilifuatilia njia ya taarifa hiyo katika mmea mdogo wa maabara, Arabidopsis. Likakuta kwamba kinga hii inategemea homoni mbili, asidi ya jasmoniki na ethilini, pamoja na protini iitwayo NPR1, bila kuhitaji asidi ya salisiliki ambayo mmea huitumia sana baada ya kushambuliwa na vimelea vyenyewe. Wako bakteria wengine wanaopitia njia ya salisiliki, kwa hiyo usilichukue hilo kama sheria ya aina zote, lakini ndiyo njia iliyochunguzwa kwa kina zaidi.

Mmea unajuaje kwamba mgeni amefika? Unamgusa na kumnusa. Unatambua flagelini, protini ya mkia ambao bakteria huogelea nao. Unatambua pia mafuta maalumu ya Bacillus, surfaktini na fenjisini, ambayo mwaka 2007 yalionyeshwa kuamsha kinga kwenye maharage na nyanya hata yakitumiwa yenyewe, bila bakteria. Na mwaka 2004 ilionekana kwamba hata hewa itokayo kwa baadhi ya Bacillus, yenye kemikali iitwayo butanedioli, inatosha kuamsha kinga ya Arabidopsis pasipo kugusana kabisa.

Jambo ambalo wauzaji hulieleza vibaya ni hili: kinga iliyoamshwa haimaanishi kwamba mmea unapigana muda wote. Ungefanya hivyo ungekonda, maana silaha za mmea hutengenezwa kwa sukari ile ile inayojenga majani na matunda. Mmea ulioandaliwa ni kama sungusungu waliolala na viatu miguuni: hawapigi kelele, hawamkimbizi mtu, ila filimbi ikilia wanatoka upesi kuliko wengine. Ndiyo maana mche wenye bakteria na usio nao unaweza kuitazama wiki tatu usione tofauti yoyote ya kinga, mpaka ugonjwa ubishe hodi. Katika karanesheni za Uholanzi, kemikali za kujilinda ziliongezeka zaidi baada ya kuvu kuingia, wala si kabla yake.

Ipo namba moja ya kuikumbuka. Katika majaribio ya Pseudomonas kwenye figili, Uholanzi, kinga haikuonekana mpaka bakteria walipofika takribani 100,000 kwa kila gramu ya mzizi. Chini ya hapo, kimya. Kazi yako yote ya vitendo ni kuwafikisha mzizini kwa wingi huo na kuwaweka hapo.

Hatua ya kwanza: soma lebo kabla ya kutoa pesa

Tafuta mambo manne: jina la bakteria, jina au namba ya aina yake, idadi ya walio hai kwa gramu au mililita, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Lebo iliyoandikwa tu "vijidudu rafiki" bila jina wala idadi, irudishe rafuni. Hakikisha pia bidhaa imesajiliwa, Tanzania na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), Kenya na bodi ya viuatilifu, PCPB.

Aina ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Watafiti wa Uholanzi walijaribu Pseudomonas watatu tofauti. WCS417 aliamsha kinga ya figili na ya Arabidopsis pia. WCS374 aliamsha figili tu. WCS358 aliamsha Arabidopsis tu. Hivyo kusema "nimetumia Pseudomonas" ni sawa na kutosema kitu. Chagua bidhaa ambayo lebo yake inataja nyanya, au angalau mazao ya jamii yake kama pilipili na bilinganya.

Kati ya Bacillus na Pseudomonas, kwa duka na stoo zetu nashauri uanze na Bacillus. Huyu hutengeneza spora, umbo gumu la kulala linalovumilia ukavu na joto, kwa hiyo hustahimili safari ya basi na rafu ya duka la pembejeo. Pseudomonas hana spora. Anahitaji ubaridi na hufa mapema. Kama duka halina friji na lina bidhaa ya Pseudomonas dirishani juani, usinunue.

Halafu linganisha bei kwa idadi ya bakteria, usilinganishe kwa uzito wa pakiti. Tuseme bidhaa moja ina bakteria bilioni 1 kwa gramu. Gramu 10 kwenye lita 1 ya maji zinakupa milioni 10 kwa kila mililita. Bidhaa nyingine ina milioni 100 kwa gramu: kupata nguvu ile ile utahitaji gramu 100 kwa lita. Pakiti ya bei nafuu inaweza kuwa ghali mara kadhaa. Hesabu hii ni ya kulinganisha tu. Kipimo cha kuchanganya ni kile cha lebo.

Maangalizo mawili hapa. Rizobiamu, kama ile ya BIOFIX inayotengenezwa Kenya, ni ya jamii ya mikunde, kwa ajili ya kupata naitrojeni. Usinunue ya soya ukitarajia ilinde nyanya. Trikoderma nayo ni kuvu, si bakteria. Inaamsha kinga pia na ni nzuri, lakini usiichanganye na Bacillus ndoo moja isipokuwa lebo inaruhusu, kwa sababu baadhi ya Bacillus huzuia kuvu bila kuchagua.

Na usijaribu kuwazalisha kwenye pipa la molasisi nyumbani. Pipa hilo litaotesha chochote kilichoangukia ndani, na kwa jicho huwezi kujua kama ni yule uliyemnunua au mwingine anayeweza kukudhuru wewe mwenyewe.

Hatua ya pili: udongo wa kitalu

Wakulima wengi huchoma majani makavu juu ya tuta la kitalu, au huchemsha udongo kwenye pipa, ili kuua kinyausi, ugonjwa unaoozesha miche, na minyoo fundo. Ni vizuri, ila fahamu ulichofanya: umeua adui na rafiki kwa pamoja. Udongo uliopikwa ni nyumba tupu, na anayeingia kwanza ndiye anayestarehe. Akiwa ni kuvu wa kinyausi aliyekuja na maji ya mfereji, ataenea haraka kuliko angeenea kwenye udongo wenye wakazi. Kwa hiyo udongo ukishapoa kabisa, mwagia bakteria siku hiyo hiyo au kesho yake.

Bora zaidi tumia trei na mchanganyiko wa mboji iliyoiva na kokopiti, yaani nyuzi laini za makumbi ya nazi. Mboji iliyoiva maana yake ni iliyopata joto la nyuzi 55 hadi 65 kwa siku kadhaa, ikageuzwa ili pande zote zipikwe, kisha ikapoa na kukaa wiki kadhaa. Ukiipekecha hainuki mavi wala amonia, na huwezi kutambua majani ya asili. Samadi mbichi usiilete karibu na miche: chumvi na amonia yake huunguza mizizi, na mzizi uliojeruhiwa ni mlango.

Hatua ya tatu: maji

Klorini ya maji ya bomba imewekwa kuua bakteria, na haitabagua wako. Acha maji kwenye ndoo iliyo wazi siku nzima, au tumia maji ya mvua au ya kisima. Yasiwe ya moto: tangi jeusi lililokaa juani mchana linaweza kuwa na joto la kutosha kuwadhuru. Ndoo iliyokuwa na dawa ya kopa (yenye shaba) au kiuatilifu kingine, hata ukiiosha, iache kando. Weka ndoo maalumu kwa kazi hii na uiandike kwa rangi.

Hatua ya nne: kumwagilia kitaluni

Hapa ndipo pa kuweka nguvu na pesa. Mche una mizizi michache katika udongo kidogo, kwa hiyo bakteria kidogo wanafika kila mahali. Kiasi kinachotosha trei nzima kitapotea bila alama ukikimwaga shambani.

Mbegu nyingi za dukani huja na rangi ya waridi au bluu, ishara kwamba zimepakwa dawa ya kuvu. Usiziloweke, utaosha dawa uliyoilipia na kuikusanya mahali pamoja na bakteria. Zipande kavu, kisha mwagia mchanganyiko juu ya trei mara baada ya kufukia. Mbegu zisizopakwa dawa unaweza kuzipaka bakteria kama lebo inavyoelekeza.

Koroga unga katika maji kidogo kwanza mpaka upate uji mwepesi, ndipo uongeze maji. Vaa barakoa unapokoroga unga, na nawa mikono. Tumia mchanganyiko ndani ya saa chache; ukibaki hadi kesho, umwage. Mwagia jioni, kwa sababu jua kali huua bakteria waliobaki juu. Kiasi ni kile ambacho trei hukinywa bila kuchuruzika chini. Kikichuruzika, umewamwaga.

Rudia mara miche inapotoa jani la kwanza la kweli, kiasi cha siku 10 hadi 14 baada ya kupanda. Mzizi umekua na ncha zake mpya hazijakaliwa; bakteria wa kwanza hawakimbii sawasawa na mzizi. Kipindi hiki punguza naitrojeni. Mche uliolewa yurea ni laini, na hakuna kinga ya mizizini itakayoufanya uwe mgumu.

Hatua ya tano: siku ya kupandikiza

Jioni moja au mbili kabla ya kuhamisha, mwagia kwa mara ya tatu, ili donge la mizizi liende shambani likiwa limeshiba. Kama miche ni ya tuta na inang'olewa bila udongo, chovya mizizi kwenye ndoo ya mchanganyiko kwa dakika chache, panda, kisha mwagilia. Mizizi isikauke kabisa kati ya ndoo na shimo.

Shimo lenyewe liwe na unyevu na konzi moja au mbili za mboji. Mbolea ya kupandia iwe imechanganywa na udongo, isikae chini ya mzizi moja kwa moja. Siku hiyo na wiki inayofuata usimwagie dawa ya kopa wala antibiotiki kwenye shina. Ukilazimika kupiga kopa baadaye, piga majani tu, kwa tundu la matone madogo, bila kuacha inachuruzika hadi ardhini.

Hatua ya sita: kuwaweka hai shambani

Bakteria anaishi kwa chakula ambacho mmea unakivujisha kupitia mizizi: sukari, asidi na asidi amino. Mmea unajua kuita pia. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba Arabidopsis ikishambuliwa kwenye majani huongeza asidi ya maliki mizizini, nayo huvuta Bacillus subtilis. Mmea wenye kiu, au uliopunguzwa majani kupita kiasi, hauna cha kuvujisha. Kwa hiyo matandazo ya nyasi kavu juu ya tuta, maji ya kawaida badala ya ukame na mafuriko kwa zamu, na mboji kila msimu, vyote ni sehemu ya kinga. Sioni maana ya kununua pakiti kama huna mpango wa matandazo. Utakuwa unaleta wageni kwenye jangwa.

Kumwagia tena wiki tatu hivi baada ya kupandikiza kunasaidia kwenye udongo wa kichanga au ulio na historia ya mnyauko. Kwenye udongo mzuri wenye mboji, mara nyingi fedha hiyo ni bora ikanunua matandazo.

Hatua ya saba: acha matuta ya kulinganisha

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na bila hiyo utabaki kubahatisha. Kwa kuwa kinga hii haionekani kwa macho, njia pekee ya kujua kama imekufaa ni kuwa na mimea isiyo nayo. Tangu kitaluni tenga trei chache: mbegu ile ile, siku ile ile, mbolea ile ile, ila badala ya bakteria ipate maji matupu kwa kiasi kile kile. Shambani ipande kwenye matuta mawili yake.

Kama unamwagilia kwa mifereji, matuta hayo yawe upande maji yanakotokea. Ukiyaweka chini, maji yatayapelekea bakteria kutoka kwa jirani na utakuwa hulinganishi chochote. Kila wiki hesabu, katika idadi sawa ya mimea kila upande, ni mingapi ina madoa ya bakajani wahi, mingapi imenyauka, mingapi ina majani yaliyojikunja. Mavunoni hesabu matenga kwa kila tuta. Andika kwenye daftari. Kumbukumbu ya kichwani hupendelea kile ulicholipia.

Mahali ambapo kinga hii haitoshi

Kinga inayoendeshwa na jasmoniki na ethilini hufanya vizuri zaidi dhidi ya vimelea vinavyoua tishu na kula mzoga wake, kama kuvu wa bakajani wahi na ukungu wa kijivu, na kwa kiasi dhidi ya wadudu watafunaji. Inapunguza makali ya ugonjwa na kukupa muda. Haifuti ugonjwa.

Bakajani chelewa wakati wa baridi na ukungu mzito hukimbia kuliko kinga yoyote iliyoandaliwa. Hali ya hewa ikiwa hivyo piga kiuatilifu cha kuvu kwa wakati wake. Dawa nyingi za kuvu hazimdhuru Bacillus aliye ardhini, lakini soma lebo. Rasta, ule ugonjwa wa majani ya njano yaliyojikunja, ni virusi vinavyoletwa na inzi weupe: zuia inzi kitaluni kwa neti na chagua mbegu inayovumilia. Kantangaze, kiwavi anayechimba majani na matunda ya nyanya, naye anahitaji mitego na dawa zake.

Mnyauko ndio unaochanganya watu. Mmea ukinyauka ghafla ungali kijani, kata kipande cha shina cha chini, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi yaliyotulia. Ndani ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zikianza kushuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko wa bakteria, Ralstonia. Ng'oa mmea na udongo wake, usimwagilie kutoka hapo kwenda matuta mengine, na shamba hilo lipumzike na mahindi au nafaka nyingine badala ya nyanya, viazi mviringo, pilipili au bilinganya. Bakteria rafiki aliyewekwa kitaluni anaweza kupunguza idadi ya mimea itakayokufa kwenye udongo wenye vimelea vichache. Kwenye udongo uliojaa Ralstonia, miche iliyounganishwa juu ya shina mama sugu, yaani mizizi ya aina inayostahimili ugonjwa, ndiyo ya kufikiria.

Msimu unaofuata

Daftari likionyesha tofauti inayolipa gharama ya pakiti, rudia kwa mbegu ile ile na bidhaa ile ile. Ukibadili mbegu, acha tena matuta ya kulinganisha hata kama msimu uliopita ulifurahi. Katika Arabidopsis zipo koo mbili, RLD na Ws-0, ambazo WCS417 hukaa kwenye mizizi yake vizuri kabisa na kinga haiamki, kwa sababu mmea wenyewe hauitikii ethilini ipasavyo. Mbegu za nyanya nazo hutofautiana kwa namna zinavyomwitikia bakteria, na hakuna lebo ya mbegu itakayokuambia hilo. Matuta mawili yatakuambia.